Kidonda Kisichoandikwa
Hotuba kwa waamini na viongozi wa walei, Kwihara, Tabora



Neno tunalotaka kulizungumza nanyi leo ni la vidonda. Si vidonda vya moyo wala vya jamii, ambavyo Tume yetu imezoea kuvisemea, bali vidonda vya mwili: kile kilichopo kwenye kisigino cha mgonjwa wa kisukari, kile kilichopo kwenye unyayo wa mtu aliyepata kuugua ukoma, kile kilichochimba kiuno cha mzee aliyelala kitandani miezi mitatu bila kugeuzwa. Wazee wetu walikiita kidonda cha namna hiyo donda ndugu. Jina hilo lina ukali wake. Ni kidonda kilichohamia nyumbani, kikapewa pahali pa kukaa, na watu wakakizoea kama wamzoeavyo ndugu aliyekuja kutembea asiage. Ubaya wote huanzia hapo, katika kukizoea.

Tunalileta jambo hili leo kwa sababu dunia imepata chombo kipya cha kulishughulikia. Kompyuta, hata ile ndogo iliyomo ndani ya simu ya mkononi, sasa hufundishwa kutazama picha ya kidonda, kuchora mpaka wake, kukadiria ukubwa wake, na kutofautisha nyama iliyo hai na nyama iliyokufa. Elimu hiyo huitwa uoni wa kompyuta, nayo ni tawi mojawapo la kile kinachoitwa akili mnemba. Wapo watakaowaambieni kwamba chombo hicho kitaziokoa zahanati za vijijini. Wapo watakaosema ni mchezo wa wenye mali, usiotuhusu sisi tunaonunua bandeji kwa fedha za kuku. Sisi hatuna hakika kwamba upande wowote kati ya hizo mbili umesema kweli yote, na tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Kwanza tutazame pale tulipo. Mtu wa Kwihara hawezi kusema kwamba habari ya vidonda vya miguu ni ngeni kwake. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji na Maniema, kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, na kusini pia. Wapagazi waliipita kwa miguu mitupu, mizigo mabegani, na watumwa waliipita wakiwa wamefungwa. Miiba, mawe, njaa na matope vilichubua miguu yao, na mchubuko mdogo katika mwili usiopata chakula cha kutosha uligeuka kuwa donda.

Tembe mnayoiona hapa, ambayo leo ni makumbusho, hutembelewa kwa sababu ya David Livingstone. Alifika hapa pamoja na Stanley tarehe 18 Februari 1872, akabaki peke yake Stanley alipoondoka mwezi Machi, akangoja wapagazi na mahitaji hadi tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Wageni huambiwa habari hizo. Jambo wasiloambiwa mara nyingi ni kwamba mwaka 1870, kabla hajafika hapa, mtu huyo alilala huko Kabambare, katika Maniema, muda wa siku 80, hawezi kutoka nje ya kibanda chake kwa sababu ya madonda ya miguu. Aliandika alivyojitibu kwa unga wa jiwe la kijani lenye shaba, uliosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Tarehe 10 Oktoba alitoka nje. Aliandika pia habari za watumwa waliokuwa na madonda ya namna ileile: jinsi yanavyokula nyama, mishipa na mfupa, jinsi wengine wanavyokufa na wengine kubaki viwete, na jinsi kilio chao usiku kilivyokuwa mojawapo ya sauti za kambi.

Fikirini tofauti iliyopo. Za Livingstone tunajua mahali, mwezi, idadi ya siku na dawa. Za watumwa wale hatujui jina la hata mmoja, wala mguu gani, wala siku ngapi. Wote walikuwa na donda moja. Mmoja alikuwa na kalamu, wengine hawakuwa nayo, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuandika kwa ajili yao. Kidonda kisichoandikwa hakina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo hakuna anayeweza kuulizwa juu yake.

Kupima ni kufanya nini

Sasa tuje kwenye siku zetu. Utafiti uliofanyika nchini mwetu mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 9 katika kila 100, wenye umri wa kati ya miaka 25 na 64, walikuwa na kisukari. Ugonjwa huo, ukidumu bila kudhibitiwa, huua mishipa ya fahamu ya miguu na kuziba mishipa ya damu. Mtu hukanyaga msumari asisikie, huchomwa na kaa la moto asisikie. Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi walipoona damu kwenye shuka. Hali hiyo ya ganzi ndiyo ile wenzetu wenye ukoma wameijua tangu zamani. Dawa mseto za ukoma zilianza kutumika miaka ya 1980, na mwaka 2006 taifa letu lilifikia kiwango cha kuhesabu kwamba ukoma si tena janga la afya ya jamii. Lakini dawa huua vijidudu, hairudishi fahamu za unyayo. Wapo watu katika mkoa huu waliopona ukoma miaka mingi iliyopita na bado wanafunga vidonda. Wenzetu Wamoravian wa Sikonge, waliowatunza watu hao kwa miaka mingi, wanajua tunalolisema.

Kidonda cha namna hii hakina haraka, na kwa sababu hiyo humdanganya mtu. Muuguzi wa zamu ya Jumatatu hukiona na kusema kinaendelea vizuri. Wa Alhamisi, ambaye hakukiona Jumatatu, husema vilevile. Mgonjwa hupewa bandeji, hurudi nyumbani. Wiki zinapita, na neno "kinaendelea vizuri" limeandikwa kwenye kadi mara kumi, mpaka siku moja daktari wa hospitali anatazama na kusema mguu ukatwe. Hakuna aliyesema uongo hapo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na kipimo cha jana cha kulinganisha na cha leo.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa hesabu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 203 wa kisukari wenye vidonda vya miguu. Walipima ukubwa wa kidonda mwanzoni na tena baada ya wiki 4. Wale ambao kidonda chao kilikuwa kimepungua zaidi ya asilimia 53 kufikia wiki ya 4, wapatao 58 katika kila 100 walipona kabisa kufikia wiki ya 12. Wale ambao hakikupungua kiasi hicho, walipona 9 tu katika kila 100. Kwa hiyo wiki ya 4 ni njia panda. Kidonda ambacho hakijapungua nusu kufikia siku hiyo kinasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba matibabu yabadilishwe: mguu upumzishwe usikanyagiwe, damu ichunguzwe kama inafika, mfupa utazamwe kama umeoza, mgonjwa apelekwe mbele.

Tuchukue mfano. Mkulima wa tumbaku ana kidonda chini ya kidole gumba. Siku ya kwanza kina urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 4. Baada ya wiki 4 kina sentimita 4 kwa 3. Kwa macho kimepungua, naye mwenyewe anafurahi. Lakini tukizidisha, 5 mara 4 ni 20, na 4 mara 3 ni 12. Kimepungua asilimia 40, hakijafika nusu. Mtu huyu anahitaji kupelekwa hospitali sasa, wakati mguu bado ni wake. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la nne, na kwa kuifanya hatukuhitaji kompyuta, tulihitaji rula na daftari.

Tunaomba mlikumbuke jambo hilo kwa sababu tutalirudia.

Mashine hufanyaje kazi

Rula nayo ina kasoro zake. Kidonda si mstatili. Kikiwa na umbo la yai, kuzidisha urefu kwa upana hukifanya kionekane kikubwa kuliko kilivyo kwa zaidi ya robo. Kikiwa na umbo la ramani ya nchi, chenye ghuba na rasi, wauguzi wawili watapata majibu mawili, na kila mmoja atakuwa na sababu. Hapo ndipo mashine inapokuja.

Mhudumu huweka kando ya kidonda kipande kidogo cha karatasi ambacho ukubwa wake unajulikana, kisha hupiga picha. Picha ya simu ni nukta nyingi mno zilizopangwa, mamilioni kwa mamilioni, na kila nukta ina rangi yake. Kompyuta huamua nukta kwa nukta: hii ni kidonda, hii ni ngozi nzima, hii ni shuka. Kisha huzihesabu zile za kidonda, huzilinganisha na kile kipande cha karatasi, na kutoa eneo kwa sentimita za mraba. Baadhi ya programu huendelea kugawanya ndani ya kidonda penyewe: nyekundu, yaani nyama mpya inayoota, njano, yaani utando na uchafu ulioshika, nyeusi, yaani nyama iliyokufa. Wiki inayofuata hufanya hivyo tena na kuchora mstari unaoonyesha kama kidonda kinapanda au kinashuka.

Kompyuta haikuzaliwa ikijua. Ilionyeshwa maelfu ya picha ambazo watu wenye ujuzi walikuwa wamezichora mipaka kwa mkono, ikajaribu, ikasahihishwa, ikajaribu tena. Ni kama mwanagenzi wa fundi seremala, isipokuwa mwanagenzi huyu hachoki na wala hana akili nyingine zaidi ya yale aliyoonyeshwa. Njia ya kuifundisha kompyuta kuchora mipaka ndani ya picha za kitabibu iliimarika sana kuanzia mwaka 2015, kwa kazi ya watafiti wa Freiburg, Ujerumani. Tangu hapo makampuni ya Kanada, Uswisi, New Zealand na kwingineko yamekuwa yakiuza vyombo vya kupimia vidonda. Karibu na kwetu, nchini Kenya, programu ya simu ya Shirika la Afya Duniani inayohusu magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika, kama vile ukoma na donda la Buruli, imefanyiwa majaribio ikiwa imetiwa akili mnemba. Donda hilo la Buruli, kwa wasiolijua, lina jina la pahali Uganda.

Tunakubali basi kwamba chombo hiki kina faida ya kweli. Kinaweza kufanya kipimo cha muuguzi wa Jumatatu na cha yule wa Alhamisi viwe kimoja. Kinaweza kumwezesha mhudumu wa afya wa kijijini kutuma habari ya kidonda kwa mganga aliye mbali bila mgonjwa kusafirishwa juu ya baiskeli. Mwenye kudharau jambo hilo hajawahi kumsukuma mgonjwa juu ya baiskeli wakati wa masika.

Lakini picha ni ya juu tu. Haioni shimo linalopita chini ya ngozi mpaka kwenye mfupa, hainusi harufu, haigusi joto la ngozi. Haiwezi kuweka vidole juu ya unyayo kutafuta mapigo ya damu. Kidonda kilichozunguka kisigino, kikipigwa picha kutoka upande mmoja, huonekana kidogo kuliko kilivyo. Na donda la miaka mingi linaweza kugeuka kuwa saratani, ambayo hujulikana kwa kukata kipande cha nyama na kukichunguza maabara, si kwa picha. Kwa hiyo akija mtu akasema mashine imemwambia kidonda ni kizuri, naye mgonjwa ana homa na mguu umevimba, msikilizeni mgonjwa.

Ngozi ya nani

Hapa tunafika kwenye jambo linaloihusu Tume hii moja kwa moja.

Tumesema mashine hujua yale tu iliyoonyeshwa. Je, ilionyeshwa miguu ya nani? Mojawapo ya makusanyo ya picha yanayotumiwa sana na watafiti wa dunia nzima, yaliyoandaliwa kwa mashindano ya mwaka 2020, lilikuwa na picha 4,000 za vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, zilizotoka katika hospitali za Lancashire, Uingereza. Jingine la mwaka 2021, lenye picha zaidi ya 1,200, lilitoka katika kituo cha vidonda cha Milwaukee, Marekani. Hatuwalaumu waliozikusanya, walikusanya walichokuwa nacho, na waliwafaidi wagonjwa wao. Lakini mguu wa Lancashire si mguu wa Unyanyembe. Muuguzi aliyefundishwa vitabu vya Ulaya hutafuta wekundu kuzunguka kidonda kama dalili kwamba uchafu umeingia ndani ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kuwa wekundu. Huonekana kama giza lililozidi, zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa mpaka uguse na kusikia joto. Kidonda cha kulalia, katika hatua yake ya kwanza kabla ngozi haijapasuka, hupita bila kutambuliwa kwa watu weusi kwa sababu hiyohiyo. Mwanagenzi aliyeonyeshwa ngozi nyeupe atakosea kwetu, na atakosea bila kujua kwamba amekosea.

Huo si uzushi wa watu wenye wivu. Mwaka 2018 wanawake wawili, Joy Buolamwini mwenye asili ya Ghana na Timnit Gebru mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha utafiti juu ya programu za makampuni makubwa zilizokuwa zikitambua kwa kutazama uso kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe programu iliyofanya vibaya zaidi haikufikia kosa 1 katika 100. Kwa wanawake weusi mojawapo ilikosea takriban 35 katika 100. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa katika damu kiliwapitisha kuwa wazima wagonjwa weusi ambao kwa kweli walikuwa wamepungukiwa: 11.7 katika kila 100, ambapo kwa weupe ilikuwa 3.6. Chombo hicho kilikuwa kimetumika miaka mingi hospitalini. Kilikuwa kinapima kila mtu, lakini hakikuwa kinampima kila mtu sawasawa.

Kwa sababu hiyo tunasema: chombo cha kupimia vidonda kikiletwa Tabora, swali la kwanza la kiongozi wa walei lisiwe bei yake. Liwe hili: kimejaribiwa kwa watu wa rangi yetu, wangapi, na wapi? Kama jibu halipo, basi sisi ndio majaribio, na tuambiwe hivyo waziwazi.

Swali la pili ni la picha zenyewe. Ili mashine ijifunze ngozi yetu, lazima ipewe picha zetu, na hilo ni jambo jema kimsingi. Lakini wenyeji wa njia ya misafara tuna haki ya kuuliza mzigo unakwenda wapi. Pembe zilipita hapa na watu walipita hapa, na waliobaki hawakuona hesabu. Picha ya kidonda cha mtu ni sehemu ya mwili wake. Tena mara nyingi kidonda kipo mahali pa siri, kiunoni au pajani, na mama mtu mzima anavuliwa nguo mbele ya simu ya kijana asiyemjua, simu ambayo jioni itapigwa picha za harusi.

Taifa letu lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya serikali ya kuisimamia. Taarifa za afya ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji uangalifu zaidi, na sheria inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Basi mgonjwa aulizwe kabla ya kupigwa picha, kwa lugha anayoielewa, kikiwa Kinyamwezi ni Kinyamwezi. Aambiwe picha itatunzwa wapi, nani ataitazama, na kama itatumika kufundishia mashine itakayouzwa. Aambiwe kwamba akikataa atafungwa kidonda chake vilevile. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na bila hilo kuulizwa hakuna maana, kwa sababu mtu mwenye maumivu mbele ya mwenye bandeji hukubali lolote. Marehemu Papa Fransisko aliuchagua ujumbe wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2024 uwe juu ya akili mnemba na amani. Wengi waliona ni jambo la mbali. Sisi tunaliona katika simu ya zahanati.

Baada ya kupima

Tuseme mashine imekuja, imejaribiwa kwetu, na picha zinalindwa. Imempima yule mkulima wa tumbaku na kusema: asilimia 40, apelekwe mbele. Apelekwe wapi, na kwa nauli ya nani? Nani atamlimia wiki hizo? Na huko aendako, yupo mtu anayejua kukwangua nyama iliyokufa bila kukata mguu?

Jambo hili lina jibu lililokwisha kuonekana nchini mwetu. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 ulifanyika mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, ukiongozwa upande wa Tanzania na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, wakati huohuo ukifanyika India. Madaktari na wauguzi kutoka mikoani walifundishwa kutunza miguu ya wenye kisukari, daktari pamoja na muuguzi wake ili warudi nyumbani wakiwa wawili, wakapewa vyombo vya kazi, wakaitwa tena baada ya muda kuongezewa ujuzi. Matokeo yaliyoripotiwa ni kwamba wagonjwa walianza kuja mapema zaidi na kukatwa miguu kulipungua. Hapakuwa na akili mnemba. Palikuwa na visu vidogo, uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, na watu waliofundishwa. Huko Moshi nako, katika hospitali ya KCMC, chuo cha magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1992 maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika, watu wanaojua kuisoma ngozi nyeusi kwa sababu wameisoma kila siku. Mashine ikitaka mwalimu, hao ndio walimu.

Kwa hiyo hatusemi mashine ikataliwe. Tunasema isije peke yake. Simu iliyowekwa mahali pasipo na shashi, pasipo na maji safi wala viatu, itaandika kwa usahihi mkubwa jinsi mguu unavyooza. Atakayekuja kutuonyesha chombo hicho, na aonyeshe pia orodha ya vitu vitakavyokuja nacho.

Na tusingoje. Yapo tunayoweza kuyaanza wiki hii katika jumuiya zetu, wala hayaombi ruhusa ya mtu. Kila jumuiya inawajua wenye vidonda vyake. Wanaoacha kuja ibadani kwa sababu ya harufu ndio wa kwanza kutafutwa. Mtu mmoja au wawili, ikiwezekana pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, watembelee kwa ridhaa ya mwenye nyumba, siku ileile ya wiki. Wawe na rula safi isiyogusa kidonda na daftari moja linalofungwa kwa ufunguo. Waandike tarehe, urefu, upana, rangi, kama kuna harufu, kama kuna homa. Mgonjwa mwenyewe awe na nakala yake kwenye kadi, kwa sababu kidonda ni chake. Siku ya 28 wazidishe na kulinganisha. Kisipofika nusu, jumuiya imchangie nauli na mtu wa kumsindikiza, na kadi ile ataishika mkononi atakapomwona daktari wa Kitete au wa kwingineko. Akikuta mguu una uvimbe, homa, au weusi unaopanda, asingoje siku ya 28 wala ya 8.

Wenye ganzi wafundishwe kutazama nyayo zao kila jioni kwa kioo, au watazamwe na mjukuu. Wapime maji ya kuoga kwa kiwiko, wasitembee pekupeku hata ndani, wakung'ute viatu kabla ya kuvaa. Katambuga zina faida, maana mpira wa gurudumu haupenywi na mwiba kirahisi, lakini misumari yake itazamwe isije ikatokeza ndani. Wasilowanishe vidonda kwa dawa za kuchoma na wasivifunike kwa majani ya tumbaku wala kwa maji ya betri, jambo ambalo bado linasikika.

Daftari hizo, zikitunzwa vema kwa mwaka mmoja, zitaonyesha ni vidonda vingapi vipo Kwihara, vingapi vilipona, na vingapi vilicheleweshwa na nini: nauli, au kukosekana kwa bandeji, au mtu kutoambiwa. Hesabu hiyo, bila majina ya wagonjwa, tunakusudia kuipeleka katika mkutano wa hadhara wa kata na kwa mganga mkuu wa wilaya, na kuomba ijibiwe kwa maandishi. Daftari la kwanza lipo mezani hapo, pamoja na rula kumi na mbili. Viongozi wa jumuiya watakaozichukua waandike majina yao kabla ya kuondoka.